Paka Katikati: Namna ya Kushona Mfarishi Nyumbani Kwake

Kabla hujagusa mkasi, tafuta paka yuko wapi. Kama amelala barazani, una saa mbili tatu za amani. Kama yu macho, na hasa kama ameshasikia mlio wa lile kopo la biskuti unamowekea nyuzi, basi kazi hii mnaifanya wawili, na mwongozo huu ni wenu nyote.

Wengi wanaoshona kwenye nyumba yenye paka huanza kwa kumfungia nje. Atakwaruza mlango, atalia, mpaka jirani aulize kulikoni. Nasema na narudia: paka hana kosa, tatizo ni mtindo wa kushona. Mfarishi wa viraka tunaouona sana kwenye picha na video hushonwa kutoka katikati kwenda nje. Viraka huunganishwa mezani, tabaka tatu zikatandazwa na kubanwa kwa pini, kisha mistari ya mshono ikaanzia kitovuni. Na kitovu cha nguo iliyotandazwa ndipo paka yeyote mwenye akili timamu anapokwenda kukaa. Hapo lazima mgombane. Lakini upo mtindo unaoanzia ukingoni na kuingia ndani, na kwa nyumba yenye paka sijaona unaoufikia.

Unaitwa kawandi. Wenyewe ni wanawake wa Kisidi wa Karnataka, kusini magharibi mwa India. Wasidi ni kizazi cha Waafrika waliovuka Bahari ya Hindi kwa karne nyingi, wengi kwa minyororo ya utumwa, wengine kama askari na mabaharia. Wapo ambao mababu zao walitoka upande huu wetu, na wenzao wa Gujarat ngoma yao mpaka leo wanaiita goma. Wanawake wa Karnataka huchukua nguo kuukuu za nyumbani, wakatandaza chini kitambaa kipana, mara nyingi sari, wakaanza kushona viraka kwa mkono kutoka pembe moja. Huzunguka ukingo mzima, mzunguko kwa mzunguko, mpaka mshono unapofika katikati. Hawahitaji cherehani wala fremu. Sakafu na mapaja vinatosha. Sijui ufundi mwingine unaomheshimu paka kiasi hicho, kwani sehemu anayoipenda yeye ndiyo inayoshonwa mwisho.

Kitambaa cha chini kiwe kanga kuukuu. Kanga moja ina kama sentimita 150 kwa 110. Ukiunganisha mbili kwa ule upande mrefu unapata 150 kwa 220, kitanda cha mtu mmoja kimeenea. Kama hujawahi kushona mfarishi, chukua kanga moja tu. Itakufundisha kila kitu, na paka hatalalamika kuwa ni ndogo. Cherehani nairuhusu hapo pa kuunganisha kanga mbili, na kwa dakika hizo mlango ufungwe kweli: mkia wa paka na mkanda wa cherehani ya mguu havikutani kwa heri.

Viraka viko kwa fundi. Chini ya meza yake ya kukatia pana kiroba cha mabaki ya vitenge, na akikuona unakikodolea macho atakuuliza, "Mama, unavitaka vya nini?" Mwambie ukweli, kwamba unamshonea paka na wewe utajifunika humo humo. Atacheka, halafu atakuchagulia vizuri. Chukua pamba iliyofumwa kwa kubana, yaani kitenge, kanga, shuka la zamani, shati la kiofisi lililochakaa kola. Viache vitambaa vya kuvutika kama fulana, viache satini na lesi, kwa sababu kucha ya paka hunasa kwenye vitanzi vyake na uzi mmoja ukivutwa kiraka kizima kinakunjamana. Vitenge vipya vioshe kwanza, kila rangi kivyake, mpaka maji yatoke meupe.

Cha kuweka katikati ya tabaka kinategemea unaishi wapi. Mombasa, Tanga au Unguja usiweke kitu, viraka juu ya kanga vinatosha. Njombe, Lushoto na Limuru weka blanketi kuukuu jembamba. Sufi naikataza kabisa. Ni laini, ni ya asili, na bibi zetu walijaza mito kwayo, lakini paka akipata tundu dogo kama tundu la kifungo ataingiza mkono, na jioni nyumba nzima itakuwa inaelea sufi.

Sasa kupiga pasi. Joto la mwili wa paka ni nyuzi 38 hadi 39, na joto analoliona la raha linaanzia pale sisi tunapoanza kutoka jasho. Kwa hiyo kitambaa kilichotoka kwenye pasi atakuwa juu yake kabla hujaiweka pasi kwenye kigae chake. Dawa ni kumtangulizia. Piga pasi taulo kuukuu, likunje mara nne, liweke kwenye kiti karibu nawe lakini mbali na waya wa pasi. Mwenyeji akishapata chake, wewe endelea na viraka.

Saa nazo zina maana. Paka hulala saa 12 hadi 16 kwa siku, na uchangamfu wake mkubwa ni alfajiri na magharibi, nyakati ambazo mababu zake waliwinda. Basi kazi ya kupima na kukata, inayotaka mkono usiotikiswa, ifanye kati ya saa 3 asubuhi na saa 9 alasiri. Ukithubutu kutandaza kitambaa baada ya magharibi, jua kwamba unawinda naye.

Siku ya kushona, tandaza kanga sakafuni, upande mzuri ukitazama chini. Hapa kwangu Mwinyi, paka mkubwa mwekundu, huja taratibu. Hunusa pindo pande zote nne kama anayekagua mpaka wa shamba. Halafu huingia ndani, huzunguka mara moja na kukaa pale pale palipoandikwa jina la kanga, akakunja mikono chini ya kifua. Mwache hapo. Paka wa kilo nne au tano ni kizito kizuri kuliko jiwe, kwani kanga haitelezi tena, na ukiivuta upande wako inajinyoosha yenyewe. Anza kwenye pembe iliyo mbali na mkia wake.

Kunja ukingo wa kanga kuingia ndani kwa upana wa kidole. Weka kiraka cha kwanza juu yake, kingo zake nazo zikunjwe, kisha piga bandi ukipita tabaka zote. Kiraka kinachofuata kikanyage kidogo hicho cha kwanza. Ukifika mwisho wa upande, geuka pembe, endelea. Ukikamilisha duara la kwanza ingia la pili, mstari karibu na mstari, nusu kidole baina yao. Kila mshono usizidi punje ya mchele. Kipimo hicho kina sababu: paka akiridhika hukanda kwa mikono, mazoea aliyobaki nayo tangu utoto alipokuwa akikanda ziwa la mama yake ili maziwa yashuke. Kucha hutoka na kuingia. Mshono mfupi haumpi pa kunasa, mrefu humpa. Kesho yake pitisha kiganja juu ya kazi, na kila utakapokuta kitanzi kimeinuka, hapo ulikuwa na haraka. Fumua ushone upya. Hakuna mkaguzi wa bure aliye makini kama huyu.

Kwenye uzi hatutaniani. Ulimi wa paka una vijimiba vilivyoelekea kooni, kwa hiyo kitu kirefu kikishaingia mdomoni hutemeka kwa shida, kinazidi kwenda ndani. Uzi unaweza kunasa chini ya ulimi au tumboni huku matumbo yakiuvuta upande wa pili, yakajikunja juu yake, mwisho uzi ukayakata. Ukiwa na sindano, hatari imekuwa mbili. Kata uzi usiozidi dhiraa, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole, maana mrefu unaoburutika ndio unaomwita. Vipande vya uzi viingie kwenye kopo lenye kifuniko muda ule ule, visisubiri ufagio wa jioni. Anza na sindano tatu, maliza na tatu, zihesabu kabla hujainuka hata kama simu inalia. Paka vijana kama Pili wangu, ambaye bado anaamini kila kinachotikisika ni chakula, wachunge zaidi. Paka akitapika, akakataa chakula na kujificha, au ukaona uzi umechungulia mdomoni au nyuma, usiuvute kabisa. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Siku zinavyokwenda duara linazidi kubana. Viraka vinamkaribia paka, naye anajikusanya, mkia unaingia, mwili unakuwa mpira. Utapita karibu yake kiasi cha kusikia akikoroma kwa raha kupitia kitambaa kwenye vidole vyako. Sehemu hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na nakuomba usiikimbize. Chukua viraka vidogo, shona polepole, mruhusu azoee kwamba ufalme umepungua. Nawajua waliomnyanyua na kumweka chini kama mzigo, na paka akarudi kila mara akiwa na hasira zaidi. Kiraka cha mwisho subiri wakati wa chakula. Chemsha kipande cha samaki bila chumvi wala kitunguu, kwani kitunguu ni sumu kwake, toa miiba, gonga sahani. Akiinuka una dakika chache. Kiraka kiwe tayari kimeshakunjwa na sindano ina uzi. Kifunge.

Wasidi hawaoni kazi imekamilika mpaka kila pembe iwe na phula, kitambaa kidogo kilichokunjwa pembetatu na kurundikwa tabaka kwa rangi. Bila hizo, kwao, mfarishi uko uchi. Ziweke, zina uzuri wake. Ila kwa nyumba yenye paka zilale bapa, uzishone kwa uzi uliokunjwa mara mbili, na usiongeze shanga wala kifungo kinachoning'inia, kwa sababu atakiwinda mpaka kikatike na kumeza atakimeza.

Nywele haziepukiki. Lowesha kiganja kidogo au vaa glavu ya mpira, kisha pangusa upande mmoja tu, zitajikusanya kama uzi mnene unaookota kwa vidole. Osha kwa maji baridi na sabuni isiyo na manukato makali, anika juani mpaka ukauke kote ndani, hasa wenye blanketi katikati, usije ukapata harufu ya ukungu. Vidonge vyeupe vya nondo, vya nefthalini, visiukaribie: vinamdhuru paka akivimeza na hata akilala siku nyingi kwenye harufu yake. Mfarishi unaotumika kila siku na kupigwa jua hauhitaji vidonge. Utandike kitandani, halafu rudi kwa fundi, maana paka wa pili ameshaona cha mwenzake na kiroba cha chini ya meza hakijaisha.