Ngiri na Misafara Mitatu ya Makala

Babu yake Ngiri hakuhitaji mwenzi wa safari. Alikata mti wa muputu karibu kabisa na mji, akaufukia kwenye tanuri la udongo, na makala yake yakafika sokoni Kenya, pale Lubumbashi, kabla ya jua kuwa kali. Lakini mji ulizidi kula na msitu ukazidi kurudi nyuma. Bwawa la Mwadingusha kwenye Mto Lufira lilianza kutoa umeme mwaka 1930 kwa ajili ya mitambo ya shaba, na hata leo migodi hushiba kwanza; akina mama wa Katuba na Ruashi wanapika kwa mbabula, majiko ya makala. Ngiri alipokua, barabara ya Kasenga ilikuwa imekwisha kuwa safari ya usiku kucha, na hakuna aliyethubutu kuikabili peke yake.

Baiskeli yake, au kinga, aliiandaa kama wanavyoziandaa wote wa kazi hiyo. Alichomelea nondo kwenye fremu, akafunga vijiti vya mutondo nyuma ya kiti, akapanga mifuko mpaka ikampita kichwa, kisha akaibana kwa vipande vya mpira wa tairi la ndani, akivuta kila kipande kwa meno mpaka kikalia. Breki hazikuwepo. Kwenye mteremko alikandamiza gurudumu kwa kisigino, na ukimwona mtu mwenye kisigino cha namna hiyo, umpishe njia kwa heshima, maana chakula chako cha jana kilipita mgongoni mwake.

Safari ya kwanza alikwenda na Swala. Walipoondoka waliimba kwamba wao ni damu moja. Saa sita za usiku mnyororo wa Ngiri ukakatika.

“Yaya, ningojeeni!”

“Pole, ndugu! Tutaonana sokoni!” wakajibu, na tayari walikuwa ng’ambo ya kilima. Alifika mchana, wanunuzi wakiwa wamekwisha kujaza vibanda vyao, akauza kwa bei ya kutupa.

Safari ya pili alijiunga na Nyani. Hawa walikuwa na mwenyekiti, makamu wake, na mshauri wa makamu. Mwenyekiti aliendesha kinga isiyo na mfuko hata mmoja, akakusanya mchango wa kila mmoja “kwa ajili ya kizuizi.” Fisi, waliolaza gogo barabarani, walimpokea kwa kumkumbatia. Wakaingia kibandani, wakacheka humo kwa muda mrefu. Mwenyekiti alipotoka aliufuta mdomo wake akasema hali ni ngumu, kila mmoja alipe tena. Ngiri alilipa mara mbili na hakupewa risiti hata moja. Nyani wadogo, waliokuwa wamelipa kama yeye, walimpigia mwenyekiti makofi kwa kuwa alikuwa amezungumza na wakubwa kwa niaba yao. Jambo hilo lilimuuma Ngiri kuliko fedha zake.

Safari ya tatu aliwakuta Kanga chini ya kichuguu, wakikagua magurudumu. Mama Kanga hakumwuliza kabila wala ukoo. Alipapasa fremu ya Ngiri, akaona ufa penye nondo.

“Papa, wewe utatangulia.”

Ngiri alidhani anadhihakiwa, kumbe hiyo ndiyo sheria yao: kinga mbovu kuliko zote hutangulia, na mwendo wake ndio mwendo wa wote. Kila penye kilima kirefu waliacha nusu ya mizigo chini ikilindwa, wakasukuma nusu ya kwanza wawili wawili, wakarudi kuchukua iliyobaki. Ilikuwa kazi ya kuchosha mno, na mwendo ukawa wa polepole kiasi kwamba Swala waliwapita wakipiga kengele. Ngiri aliona haya kuwa mbele. Hata hivyo hakuna aliyemsukuma kwa maneno.

Penye kizuizi Fisi walidai malipo ya kila mfuko. Mama Kanga akaomba kuona bei iliyoandikwa. Hakuna aliyemwonyesha. Basi Kanga wakalaza baiskeli zao zote barabarani, mifuko juu, wakaketi. Wachache waliona woga. Mmoja alilia waziwazi, wenzake wakamshika mabawa. Alfajiri malori ya samaki wa Luapula yakafika kutoka Kasenga, yakashindwa kupita, na wenye samaki, wanaojua barafu inavyoyeyuka, wakaanza kuwafokea Fisi badala ya Kanga. Kabla jua halijapanda, bei iliyoandikwa ikapatikana. Walilipa hiyo tu, na kila mmoja akapewa risiti yake.

Sokoni walichelewa, lakini hawakuuza mmoja mmoja. Waliweka bei moja, wakaishikilia mpaka jioni, na katika mauzo wakatoa sehemu ya kununulia mnyororo wa akiba na mipira ya ndani. Ngiri alikabidhiwa fuko la vifaa hivyo.

Habari ikaenea. Baada ya majuma machache Swala watano walifika penye kichuguu wakitaka kuingia katika msafara. Walisifu umoja wa Kanga kwa maneno mazuri. Mama Kanga aliwasikiliza mpaka mwisho.

“Katika ninyi watano,” akauliza, “ni kinga ya nani iliyo mbovu kuliko zote?”

Swala wakatazamana.

“Hatujawahi kuangalia,” akasema mkubwa wao.

“Ziinamisheni, basi,” akasema Mama Kanga, akamwita Ngiri alete taa na vifaa.