Kwa, Hamali wa Lugha

Kwa ni neno la herufi tatu na silabi moja. Halina wingi wala umoja kama nomino, halinyambuliki kama kitenzi, na likiachwa peke yake mwishoni mwa sentensi hubaki limeduwaa kama abiria aliyeshushwa kituo kisicho chake. Hata hivyo, kupata ukurasa wa Kiswahili usio nalo ni kazi ngumu. Vihusishi vingine vina shughuli zinazojulikana: tangu hutazama nyuma, hadi huweka mpaka, bila hukana. Kwa hupokea kila mzigo bila kuuliza unakwenda wapi, na hulipwa heshima ile ile wanayolipwa wachukuzi wa bandarini.

Ukilichunguza ukoo, neno hili si kihusishi. Ni -a unganifu, ambayo vitabu vya shule huiita pia -a ya uhusiano, ile ile iliyomo ndani ya wa, ya, cha na la, ila hapa imevikwa kiambishi ku-. Katika kusoma kwa Juma, kwa ni karani tu: linapatanisha kitenzi-jina na mwenye kusoma. Katika nyumbani kwa Juma linafanya ukarani huo huo kwenye ngeli ya mahali. Lakini katika Juma anasoma kwa bidii hakuna ku- yoyote ya kupatanishwa nayo. Karani amejipandisha cheo, na wanasarufi wameona nafuu kumwita kihusishi kuliko kumrudisha mezani kwake. Ndiyo maana mtu anaweza kueleza kusoma kwa Juma kwa bidii kwa ajili ya mtihani, akapanga kwa tatu katika mstari mmoja, na asishukiwe ulevi.

Sifa yake kubwa ni kumgeuza mtu kuwa mahali. Nyumba, soko na shamba hujitosheleza kwa -ni, lakini hakuna anayekwenda Jumani wala mjombani. Hapo ndipo kwa huitwa: kwa Juma, kwa mjomba, kwa daktari, kwa Mangi mwenye duka. Mtu akishageuzwa hivyo ni shida kumrudisha. Dar es Salaam kuna Mtoni kwa Aziz Ali, Nairobi kuna Mukuru kwa Njenga, na mkoa wa Dodoma una Kwa Mtoro. Konda hupaza sauti "Kwa Aziz Ali!" na abiria hushuka makundi kwa makundi bila mmoja wao kujiuliza kama mwenyeji anatarajia wageni. Lugha ndugu za kusini zina ustadi huo huo. Jina la jimbo la Afrika Kusini lililoundwa mwaka 1994, KwaZulu-Natal, linaanza na "kwa Wazulu". Na karibu na Durban upo mtaa wa KwaMashu, uliojengwa kuanzia miaka ya 1950 na kubeba jina la Marshall Campbell, mwenye mashamba ya miwa, baada ya Marshall kulainishwa na ndimi za wenyeji akawa Mashu.

Kwa likishikana na nafsi, hata jina la mtu halihitajiki tena. Kwangu, kwenu na kwao ni nyumba kamili, zenye mlango na jiko. Mcheza kwao hutuzwa, husema methali, na hakuna anayeuliza kwao nini. Swali la "huna kwenu?" ni tusi zito ambalo uzito wake wote umebebwa na neno ambalo kamusi hulipa mistari michache.

Kazi zake za kila siku ni za vifaa, namna na sababu. Nyama hukatwa kwa kisu, mtu huondoka kwa haraka, mwingine hufa kwa njaa. Kwenye kifaa, kwa huonyesha uangalifu ambao haukutarajiwa kwa neno la hadhi yake: sarufi hutaka mtu apigwe kwa fimbo na mwalimu, ili fimbo ibaki kifaa na mwalimu abaki mtenda. Anayesema amepigwa na fimbo, kama wengi wasemavyo mitaani, ameishitaki fimbo. Kwenye namna na sababu uangalifu huo hupotea kabisa. Alimjibu kwa hasira: je, hasira ndiyo iliyomfanya ajibu, au ni sauti tu aliyojibia? Kwa halisemi. Mgonjwa akipelekwa kwa daktari kwa pikipiki kwa sababu ya homa, Mwingereza hutafuta to ya daktari, by ya pikipiki na because of ya homa. Mswahili huajiri mchukuzi mmoja, safari tatu.

Katika hesabu neno hili ni jasiri kupita kiasi. Kumi ikigawanywa kwa mbili hupatikana tano. Ikizidishwa kwa mbili hupatikana ishirini. Kwa limesimama katikati mara zote mbili, uso mkavu. Fundi huomba mbao za mbili kwa nne, dalali huuza kiwanja cha ishirini kwa thelathini (mara nyingine kabla hajakipima), na mtangazaji wa mpira hutoa matokeo ya mawili kwa moja. Kisha yapo maneno yanayotazamana: ana kwa ana, bega kwa bega, hatua kwa hatua. Katika wake kwa waume na wakubwa kwa wadogo, kwa limeshika zamu ya na, wala halijadai posho.

Posho huliwa kwingine. Ofisini kwa huingia na suti: kwa mujibu wa, kwa kuzingatia, kwa niaba ya. Hii ya mwisho imefupishwa kuwa kny. katika barua za serikali, ili ofisa mdogo aweze kutia saini juu ya cheo cha mkubwa aliye safarini. Magazetini hakuna kiongozi wa pili kuzungumza ambaye hakusema "kwa upande wake". Kwenye mahafali hushukuriwa wote waliosaidia kwa namna moja au nyingine, namna ambazo hazijawahi kuorodheshwa. Na hotuba ya saa mbili hufungwa kwa maneno "kwa hayo machache".

Mshindani wake halisi ni kauli ya kutendea. Alimwandikia mama barua haina utata wa mahali: mama ndiye aliyeandikiwa. Aliandika barua kwa mama ina milango miwili, kwani huenda mama ndiye mpokeaji, au nyumba yake ndiyo iliyokuwa na meza na utulivu. Wapenzi wa lugha fasaha huchagua kitenzi kilichonyambuliwa, na wana haki. Lakini kitenzi hicho hakina ukarimu wa kwa, ambalo halijali hata upande mzigo unakoelekea. Fedha hukopwa kwa jirani na hurudishwa kwa jirani. Sukari hununuliwa kwa Mangi, na chenji husahauliwa kwa Mangi. Mwelekeo umo ndani ya kitenzi, na kitenzi kikiondolewa, kama wafanyavyo watu wengi katika madaftari yao, hubaki "elfu kumi kwa Mangi": deni, amana, au manunuzi ya jana. Mwenye daftari akisahau ni lipi kati ya hayo, Mangi hukumbuka.