Anayetembea Nyuma

Nairobi siku hizi ukilalamika kwamba umenenepa, hupewi pole wala dawa. Unaongezwa kwenye kundi la WhatsApp la wapanda milima. Binamu yangu aliniingiza katika makundi kadhaa usiku mmoja, na kabla hakujakucha nilikuwa nimeshakaribishwa na umati wa watu nisiowajua, kila mmoja kwa picha ya waridi linalometameta. Kazi ikawa kuchagua. Matangazo yao yote yalifanana: mlima, nauli, kiingilio, nambari ya kutumia pesa, na hakikisho kwamba safari ni nyepesi, hata watoto wanaimudu.

Watoto hao mpaka leo sijawaona.

Kundi la kwanza lilikwenda Longonot. Ukiutazama mlima huo kutoka barabara ya Naivasha ni mpole kabisa, mita 2,776 zimelala pale kama ng'ombe aliyeshiba. Langoni kiongozi alituongoza kwa sala, akatukumbusha kwamba haya si mashindano, kisha akabonyeza saa yake na kutoweka, yeye na vijana wenye miguu mirefu. Kutoka lango hadi ukingo wa kreta ni kama kilomita tatu za vumbi la majivu ya volkano, vumbi linalopenya hadi ndani ya soksi na kukaa huko wiki nzima. Nilibaki na mama mmoja muuza nafaka, aliyekuja na mwavuli na kiondo cha viazi vitamu. Nikamwuliza kiongozi wetu ni yupi kati ya vile vitone vya rangi vilivyokuwa vikipanda kule juu.

"Sijui, mwanangu," akasema, akimenya kiazi. "Mimi namjua kwa mgongo tu."

Na ni mwanachama wa siku nyingi! Ila kuizunguka kreta yenyewe, hizo kilomita saba na ushei, hajawahi. Kila akifika ukingoni hukuta wenzake wameshamaliza, wanateremka, wanampa "hongera mama" bila hata kupunguza mwendo. Akanishikisha mwavuli ili apate mikono miwili ya kula, nasi tukakaa hapo tukiwasubiri waje watupongeze.

La Ngong nitalipitia haraka, maana lenyewe halikufika mbali. Hilo lilikuwa kundi la picha. Vilima vya Ngong vina upepo unaoendesha mitambo ya umeme, na upepo wenye nguvu hizo hauna adabu kwa kofia wala kwa nywele za kununua. Kila kilima tuliruka juu kwa pamoja, mikono hewani, tukarudia kwa sababu mmoja alifumba macho, tukarudia tena kwa sababu ya yule aliyekwenda kichakani kubadilisha fulana. Jua likatua tukiwa bado tunaruka. Kama unachotafuta ni picha ya wasifu, basi wahi, nafasi zipo.

Kundi lililonipendeza tangu mwanzo ni la Kilimambogo. Wale hawadanganyi mtu: mlima ni kisingizio, shabaha ni mbuzi, na mbuzi huagizwa Thika kwa simu kabla hata gari halijazima injini langoni. Tulipanda taratibu, askari wa wanyamapori na bunduki yake akituangalizia nyati, hadi tukafika kwenye kaburi la Sir William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyemiliki ardhi ya huko na kufariki mwaka 1925, yule mwenye jina kwenye ile maktaba yenye nguzo katikati ya Nairobi. Alikuwa pandikizi la mtu. Husimuliwa kwamba alitaka azikwe kileleni, lakini mteremko ukalishinda gari lililombeba, ikabidi azikwe pale lilipogomea. Mweka hazina wetu akavua kofia, akalitazama kaburi kwa heshima, akafuta jasho.

"Jamani," akasema, "mwenye mlima mwenyewe aliishia hapa. Sisi ni nani?"

Hoja ikaungwa mkono kwa kauli moja. Muda huohuo simu ikaita kutoka Thika: nyama imeiva. Katika mteremko ule hakuna aliyeachwa nyuma, hata askari alijikuta akikimbia.

Mbuzi, hata hivyo, hakupandishi Elephant Hill. Huko Nyandarua ni zaidi ya mita 3,600, unaanzia upande wa Njabini, unapita mianzi na matope yanayovua watu viatu, na njiani kuna sehemu iliyopewa jina la Kukata Tamaa, jina ambalo matangazo hulisahau. Kundi nililokwenda nalo huko halikuwa na sala ndefu wala mpiga picha. Lilikuwa na mzee mmoja mkimya mwenye begi la kamba, maji na chumvi ya kuongezea mwilini, ambaye kazi yake ni kuwa wa mwisho. Hasemi "jikaze", wala hasemi "tunakaribia". Kila niliposimama kuhema, naye alisimama akainama kufunga kamba za viatu vyake, kwa makini, bila kunitazama. Alivifunga mara nyingi sana. Tulipotoka kwenye matope ndipo nikatazama vizuri: alikuwa amevaa gambuti.

Siku hizi, kabla sijatuma pesa kwa kundi lolote, nauliza nani anatembea nyuma. Majibu yana vituko. Wengine hunitumia ratiba. Mmoja aliniandikia kwa majigambo kwamba kwao hakuna wa nyuma, wote ni wa mbele, nikatoka kundini nikiwa bado nasoma.

Basi milima yenye matope namwachia mzee wa gambuti. Kilimambogo narudi na wale wa mbuzi mwisho wa mwezi, na mweka hazina ametangaza kwamba safari hii lazima tulipite kaburi, walau kidogo. Kuna waliokwisha kudai nauli yao.