Dakika ya 83

Mtu akikutwa gizani kashika kebo nene kama mpini wa jembe, huku majirani zake wote wanalalamika kwamba umeme umekatika, hakuna sentensi ya Kiswahili inayoweza kumwokoa. Nilizijaribu kadhaa Jumamosi moja. Ya kwanza ilikuwa "Si mimi." Hakuna aliyekuwa ameuliza.

Aliyenimulika alikuwa mtoto wa ghorofa ya pili, yuko darasa la kwanza, katumwa na baba yake ashuke kwenye maegesho amwambie mlinzi apandishe breka. Mwanga wa simu ulinigonga usoni, ukashuka kwenye kebo, ukaifuata kebo mpaka kwenye pua ya gari, ukarudi usoni taratibu. "Shikamoo anko," akasema. "Marahaba," nikaitika, maana adabu haisubiri umeme urudi. Akageuka, akapanda ngazi mbilimbili, na kabla hajafika juu nikasikia hukumu yangu ikisomwa kwa sauti nyembamba: "Baba! Ni anko wa gari la kuchaji!"

Ilikuwa dakika ya 83, mechi ya watani wa jadi. Mwenyekiti wa kamati ya wakazi alikuwa ameleta projekta, shuka jeupe limetundikwa ukutani kule uani, viti vya plastiki vimekodiwa, na jengo letu zima la ghorofa sita hapa Upanga, ambalo siku nyingine salamu yake ni "nani kaniziba?", lilikuwa limekaa pamoja linatafuna karanga. Refa alikuwa ametoka kuonyesha penalti. Ya timu gani sisemi, maadui nilio nao wananitosha. Mpigaji kaweka mpira, karudi nyuma hatua nne, shuka likabaki shuka.

Penalti ilipigwa, hilo tuna hakika nalo, kwa sababu jengo la jirani lililipuka kwa shangwe. Letu likashangilia bao la kusikia. Kisha watu wakaanza kushuka.

Kwanza Mwenyekiti, rimoti ya projekta bado mkononi, kama dereva aliyetoka kwenye ajali na usukani peke yake. Nyuma yake kijana wa ghorofa ya tano, taulo kiunoni, povu kichwani, jicho moja kalifumba, kwa kuwa pampu ya maji nayo inakula kwenye laini ileile ya pamoja. Kisha ikaja sauti isiyo na mwili, kutoka ndani ya ukuta. Alikuwa mama wa ghorofa ya nne, amekwama kwenye lifti kati ya ghorofa ya tatu na ya pili, yeye na sufuria la biriani alilokuwa akiwashushia watazamaji. Hakupiga kelele. Alisema tu, kwa utulivu ambao naamini nitazeeka nao, "Mwambieni mwenye gari kwamba biriani linapoa."

Mlinzi wetu ni mzee wa watu, hana maswali. Alifungua boksi, akapandisha breka. Taa zikawaka, uani wakasema aaah, lifti ikashtuka ikaanza kushuka. Mimi nilikuwa nimeduwaa, sikuchomoa. Chaja yangu ukutani ikalia *tak!*, gari likaanza kunywa upya, na dakika haikuisha giza likarudi, lifti imeteremka futi moja tu. Giza la kwanza lingeweza kusamehewa kama bahati mbaya. La pili lilinikuta katikati ya duara la simu kumi na nne.

Hapa lazima nieleze kitu, na naomba nivumiliwe, maana ndicho kitu kizuri pekee katika kisa hiki. Watu wengi hudhani chaja ya gari ni soketi kubwa. Siyo. Ukiishika plagi yake ikiwa imening'inia hupati umeme wowote, hata wa kutekenya. Chaja hukaa kimya imeshikilia volti 12 kwenye waya mmoja mwembamba, inapiga hodi. Kebo ikiingia garini, gari linaivuta ile volti ishuke hadi 9: karibu, nani mwenzangu? Hapo chaja inaanza kutuma mapigo, 1,000 kwa sekunde, na upana wa kila pigo ndio ujumbe wenyewe. Pigo likijaza nusu ya nafasi yake, maana yake "nina ampea 30 za kukupa". Likijaza robo, ampea 15. Hesabu yenyewe ya mtoto wa shule: asilimia unazidisha kwa 0.6. Gari linasikiliza, linapima tumbo lake, kisha linaivuta volti hadi 6: haya, ingia. Ndipo swichi kubwa ya ndani inapofunga na umeme unapita. Mshenga, posa, mahari na ndoa, vyote ndani ya sekunde chache, kati ya vyuma viwili ambavyo havijawahi kuonana. Na talaka ni rahisi vilevile: gari likishiba, volti inarudi 9, swichi inaachia, hakuna anayerudisha vyombo kwao.

Usiku nilipoyasoma haya kwa mara ya kwanza nilishindwa kulala. Nilitaka kumwamsha mtu nimweleze.

Nilimweleza fundi wa umeme. Alikuwa amechomeka testa yake kwenye plagi, haikuwaka, akanitazama kwa huruma. "Bosi, wamekupiga. Hii haina moto." Nikamwelezea hodi, volti 12, mapigo 1,000. Alinisikiliza kama unavyomsikiliza mgonjwa wa malaria iliyopanda kichwani, kisha akapendekeza tufungue chaja, tutoe "yale makorokoro", tuunge dairekti.

Tuligombana vibaya zaidi kwenye waya wa ethi. Chaja ilipopata umeme mara ya kwanza, Jumamosi hiyohiyo, ilitoa taa nyekundu, na kijitabu kikasema haioni ardhi. Fundi akacheka. Waya wa tatu, alisema, ni pambo. Friji yako inafanya kazi bila huo, pasi inafanya kazi, feni inafanya kazi. Na ni kweli, ndiyo maana friji yangu hunitekenya nikiishika miguu ikiwa mitupu, na kwa miaka yote hiyo nilidhani ndiyo tabia ya friji. Tuliufuata ule waya ukutani tukaukuta umekatwa kwa ustadi, umekunjwa, umefungwa seloteipu, umelala. Jengo zima. Ile taa nyekundu ndiyo kiumbe wa kwanza kuuliza swali hilo tangu jengo lilipopigwa rangi. Fundi akapigilia fimbo ya shaba ardhini nyuma ya kibanda cha mlinzi, akaunga, taa ikawa ya kijani, akanitoza kama mtu aliyechimba kisima.

Swali ambalo Mwenyekiti aliliuliza mara tatu, akimulika, lilikuwa: ule umeme ulikuwa wa nani?

Mita zetu za LUKU ziko chini, safu moja, karibu na kibanda. Yangu ni ya nane kutoka kushoto. Kutoka hapo hadi mahali ninapoegesha ni hatua ishirini na mbili za mtu mwenye haraka. Sikutaka umeme wa mtu. Nilitaka kuvuta waya wangu, kutoka mita yangu, kwa tokeni zangu, hadi kwenye gari langu. Barua yangu ya kwanza kwa kamati ilijibiwa kwa kuulizwa kama gari litalipuka. Ya pili, kama linatoa mionzi, kwa kuwa ghorofa ya kwanza yuko mjamzito. Ya tatu ilikubaliwa nusu: chaja niifunge ukutani, ruksa, ila waya usubiri mkutano mkuu, kwa sababu utapita juu ya sehemu ya jirani, na hewa iliyo juu ya gari la jirani ni mali ya pamoja.

Basi chaja ikakaa ukutani miezi miwili, nzuri, imekauka, kama bomba la maji la kampeni. Jumamosi ile fundi akapita, akaliangalia boksi la umeme wa pamoja, hatua mbili tu kutoka pale, akaniangalia mimi. "Kwa leo tu bosi. Tunajaribu." Na mimi, ambaye nilikuwa nimeandika barua tatu zenye tarehe na sahihi, nikasema tujaribu.

Sasa breka. Breka nayo ina hekima yake, na inasikitisha kwamba tunaijua kwa kuitukana tu. Ndani yake mna kipande cha metali mbili tofauti zilizoshikanishwa mgongo kwa mgongo. Umeme ukizidi zinapata joto, moja inatanuka kuliko mwenzake, kipande kinapinda, kinapinda, mpaka kinafyatua mtambo. Ukipiga shoti, sehemu nyingine yenye sumaku inakata papo hapo. Lakini ukizidisha kidogo tu, ile ya metali inakuvumilia, dakika kumi, nusu saa, inapindia moyoni kama mke mkubwa. Breka yetu ni ya ampea 40 kwa kila fezi. Kati ya fezi tatu, fundi alinipa ileile yenye pampu na kibanda cha mlinzi. Gari lilikuwa linavuta 28. Pampu 7. Taa za ngazi, geti na projekta, tuseme 4. Jumla 39, na breka ikanyamaza kipindi chote cha kwanza. Muda mfupi kabla ya penalti, mlinzi akabandika birika la chai. Ampea 9. Fezi moja ikizidiwa breka inashusha zote tatu, na lifti inaondoka nazo.

Kwa hiyo, kitaalamu, aliyezima umeme ni mlinzi. Niliyasema haya kwenye kikao cha dharura Jumapili, nikiwa na mchoro. Simshauri mtu ajaribu.

Kikao kilinitoza 200,000. Nilipiga hesabu mbele yao: tangu mpira uanze, mapumziko yakiwemo, gari lilikula kama uniti 10 na nusu. Kwa bei ya kawaida ya umeme wa nyumbani, shilingi 356 kwa uniti, haifiki 4,000. Nikaweka noti ya 5,000 mezani na kusema chenji ni ya biriani. Hakuna aliyecheka, na mama wa ghorofa ya nne alikuwepo.

Na hapa kicheko kinaniishia hata mimi. Walipokuwa wanaikagua laini ya pamoja ili kujua mimi ni mwizi kiasi gani, walikuta friza mbili za barafu za biashara zinachapa kazi kwenye fezi ya pili, na hakuna anayekumbuka zilianza lini. Kikao kikaamua suala la friza "lizungumzwe kindugu". Mwenyekiti ana jenereta la dizeli kwenye maegesho hayohayo. Umeme ukikatika linanguruma, moshi unapanda ngazi unaingia vyumba wanavyolala watoto, na dumu la dizeli limekaa pembeni yake bila kifuniko. Hakuna aliyewahi kuuliza kama litalipuka. Mjamzito wa ghorofa ya kwanza hajawahi kutajwa. Tuna sheria ya mwaka 2008 ya kumiliki sehemu za majengo, inayosema maeneo ya pamoja ni yetu sote kwa mafungu yetu. Kwenye jengo letu imetafsiriwa kwamba ni ya yeyote aliyetangulia kuweka kitu. Nchi imejenga bwawa Rufiji, mitambo tisa, megawati 2,115. Mimi naomba kilowati saba, nazilipia mwenyewe, na ninaambiwa hewa ina mwenyewe.

Mengine ni madogo. Chaja ya kwanza niliyoagiza ilikuja na plagi ya pini saba; gari langu, Nissan Leaf iliyotumika kutoka Japani, linakubali tano. Yule dada wa Kijapani aliyemo kwenye dashibodi alinisihi jambo kila asubuhi kwa mwezi mzima, nikadhani betri inakufa, kumbe anataka kadi ya kulipia barabara za kwao. Mvua kubwa ilijaza maegesho maji ya magotini, nikapigiwa simu na watu watatu wakiniuliza kama wavae viatu vya mpira.

Siku hizi nachaji Mbezi, kwa shemeji yangu, mwenye nyumba yenye uzio na ethi. Naenda nikiwa na mkate na matunda, nakaa mpaka usiku, naangalia tamthilia yake hadi mwisho. Wiki iliyopita aliniletea chai, akakaa, akaulizia watoto, akaulizia kazi, kisha akanipa karatasi yenye namba ya mita yake. "Si lazima, shemeji," akasema.

Jana usiku nimerudi nikakuta jenereta la Mwenyekiti limehamia kwenye sehemu yangu. Nilipompigia alinieleza kwa upole kwamba, kwa vile gari silazi pale siku nyingi, wameona nafasi isipotee. Mchango wa maegesho niendelee kutoa kama kawaida. Chaja bado iko ukutani. Mlinzi ametundika koti lake la mvua kwenye kile kishikio cha kebo, na chini yake, pale kwenye soketi, birika linachemka.