Shangazi wa Vitabu: Vitabu 12, Miezi 4 na Shemeji Mmoja

Septemba ni mwezi mgumu kwa Shangazi wa Vitabu. Januari wasomaji huwa hawamwandikii kabisa. Wakati huo wamejaa nia, wamenunua daftari jipya, na wameapa mbele ya marafiki kwamba mwaka huu watasoma vitabu 12 vya mambo ya kweli, kimoja kila mwezi, riwaya zikae kando. Ikifika Septemba sanduku la barua halifungiki.

Ya kwanza mwaka huu ilitoka Morogoro, kwa mtu aliyejiita Niliyebanwa. Miezi minane imepita naye amemaliza vitabu vitatu. Anaomba ruhusa ya kuhesabu kijitabu cha maelekezo ya friji, alichokisoma chote, pamoja na kitabu cha sayansi cha mwanawe wa darasa la nne.

Shangazi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Friji haihesabiki, alijibu. Kitabu cha darasa la nne kinahesabika, kwa sababu katika barua hiyohiyo mtu mzima huyu anakiri kwamba hakuwa akijua popo si ndege. Aliyetoka kitabuni na jambo asiloingia nalo amesoma.

Kisha akampigia hesabu. Toka Septemba 1 hadi Desemba 31 ni siku 122. Kwa vitabu vinane vilivyobaki, kila kimoja kinapata siku 15. Kitabu cha kurasa 150 kinadai kurasa kumi kwa siku, na kurasa kumi humalizika kabla sufuria ya maharage haijaongezwa maji mara ya pili. Isitoshe, nani alisema lazima kitabu kiwe kinene? *Wasifu wa Siti binti Saad*, alioandika Shaaban Robert, ni kijitabu chembamba cha kuingia kwenye mkoba, lakini kinamtoa msichana Fumba, kijiji cha Unguja, na kumfikisha Bombay, ambako alirekodi nyimbo zake kwenye sahani za santuri mwaka 1928. Anayeona haya kusoma kitabu chembamba, asema Shangazi, anasomea macho ya watu.

Ya pili ilitoka Tanga, nayo ilikuwa na malalamiko mazito. Mwandishi wake ni mpenzi wa riwaya tangu utotoni. Vitabu vya mambo ya kweli vinamlaza "kama hotuba ya mgeni rasmi baada ya pilau". Ameingia kwenye ahadi hii kwa kushindana na rafiki yake wa ofisini, na sasa anatafuta namna ya kujitoa bila kuchekwa.

Barua hii Shangazi aliijibu kwa kurasa nne, jambo ambalo mhariri hakulipenda. Alikiri kwanza kwamba vipo vitabu vya kweli vinavyosinzia kabla ya msomaji wake. Lakini mtu wa riwaya ana silaha ambayo wengine hawana: amezoea kumtilia shaka msimulizi. Basi asiiache mlangoni silaha hiyo.

Na aanze na Tippu Tip. Hamed bin Muhammed el Murjebi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, alieleza maisha yake kwa Kiswahili, kwa maneno yake mwenyewe, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903, Tippu Tip mwenyewe akiwa bado hai Unguja; alifariki mwaka 1905. Masimulizi yanakwenda mbio. Kuna vita, kuna madeni, kuna pembe za kupimwa kwa frasila, na Wazungu wanapita njiani mmoja baada ya mwingine: Livingstone, Cameron, Stanley. Unasoma unafurahi, unamwona mzee amekaa barazani anajisifu. Halafu swali linakuchoma: wale waliozibeba pembe hizo mpaka pwani, mbona hatuwasikii?

Hapo ndipo pa kufungua kitabu cha pili. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said bin Sultan, alizaliwa Unguja mwaka 1844, akaondoka mwaka 1866 baada ya kupata ujauzito wa mfanyabiashara Mjerumani, akaolewa na kuitwa Emily Ruete. Kumbukumbu zake aliziandika kwa Kijerumani, zikatoka mwaka 1886. Ni mwandishi hodari wa mambo ya ndani: vyumba, vyakula, mavazi, wivu wa wake wenza. Ila akifika kwenye utumwa anautetea, tena kwa utulivu wa mtu aliyekulia upande wa kuhudumiwa.

Cha tatu ni *Uhuru wa Watumwa* cha James Mbotela, kilichotoka mwaka 1934. Baba yake Mbotela alikuwa miongoni mwa waliokombolewa na kuletwa Freretown, Mombasa. Hatimaye upande wa waliobebeshwa unapata msemaji! Shangazi alikaribia kupiga vigelegele. Lakini naye Mbotela ana mzigo wake: anawasifu Waingereza mpaka msomaji wa leo anaanza kuangalia dirishani. Kwa mpenzi wa riwaya, alimalizia Shangazi, hii ni kesi yenye mashahidi watatu, kila mmoja ameapa kusema kweli, na kila mmoja ana jambo analolipita kwa ncha za vidole. Kama huko ni kusinzia, yeye angependa kujua mgeni rasmi wa Tanga huhutubia nini.

Akiona kesi imemchosha, atoke nje kidogo na Salim bin Abakari, aliyefuatana na bwana wake Mjerumani hadi Urusi na Siberia mwaka 1896, kisha akaeleza safari hiyo kwa Kiswahili. Maelezo yake yamo katika *Safari za Wasuaheli*, mkusanyo alioutoa Carl Velten mwaka 1901. Sisi tuliozoea kusoma Wazungu wakiishangaa Afrika tunapata raha ya pekee kumsoma mtu wa huku akiishangaa Siberia.

Toka Muscat, msomaji aliuliza kama kusikiliza kitabu kwenye simu huku anaendesha gari kunahesabika. Kunahesabika. Lamu na Pate watu walizijua tenzi kwa masikio kabla hawajaziona kwenye karatasi, na hakuna aliyewanyang'anya ujuzi wao. Atazame barabara tu.

Barua ya Magomeni ilikuwa fupi, ya hasira. Mwandishi alinunua *Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu*, kitabu cha Rais mstaafu Ali Hassan Mwinyi kilichozinduliwa mwaka 2021, kiwe kitabu chake cha saba. Alifika ukurasa wa 112. Shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuja kula futari, akakiona mezani, akasema "naomba nikipitie tu", akaondoka nacho. Ndani yake alikuwa ameweka alama kwa risiti ya umeme wa LUKU, aliyoinunua kwa wakala jioni ile na bado hajaiingiza. Walilala na mishumaa. Anauliza: afanyeje ili apate kitabu bila kuvunja ndoa?

Shangazi alimpa pole, akamwambia kitabu kilichoazimwa na shemeji kihesabiwe mahari iliyochelewa. Aendelee na cha nane.

Barua ya mwisho ilifika Novemba, kutoka Temeke, ikiwa imeandikwa kwa wino wa kijani. Huyu hakuwa na shida, alitaka kupongezwa. Amemaliza vyote 12, mwezi mzima umebaki, na ameorodhesha majina yao na tarehe alizovimaliza. Cha saba ni cha Mzee Mwinyi. Alikisifu sana, akaongeza kwa mzaha kwamba ndani, ukurasa wa 112, alikuta risiti ya LUKU, akajaribu kuziingiza tarakimu zake 20 kwenye mita ya nyumbani kwake, mita ikakataa.

Shangazi hakuandika jibu. Alitoa kabatini ile barua ya Magomeni, akaitia kwenye bahasha mpya, akaandika anwani ya Temeke, akatuma mtoto posta.