Shangazi Bomba Ajibu: Mume, Mchawi au Anodi?

Shangazi Bomba, mshauri wa safu hii, hupokea barua za mapenzi, za mawifi na za mipaka ya mashamba. Akimaliza kusoma, huuliza swali lile lile: juu ya paa kuna nini? Kwa Lushoto, mji ulio mita zipatazo 1,400 juu ya bahari, ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal, swali hilo si la utani. Kuanzia Juni hadi Agosti watu huoga wakitetemeka, na aliyekosa maji ya moto hatachelewa kupata wa kumlaumu.

MKE MWENYE MASHAKA, MAGAMBA, amemlaumu mumewe. Jioni maji ya sola yanaunguza. Saa kumi na moja alfajiri ni baridi kama ya mtoni. Anaamini baba watoto huyamaliza kwa kuoga usiku wa manane kwa siri, na mwanamume anayeoga saa hizo katoka wapi?

Shangazi anamsihi aachane na simu ya mumewe, achukue ngazi. Saa tatu usiku alishike bomba la juu, lile linalotoka kwenye paneli kwenda kwenye tenki. Likiwa la moto ilhali jua lilishazama, mwizi kapatikana. Mtambo wa namna hiyo hauna pampu: maji yakipata moto huwa mepesi, yakapanda yenyewe hadi tenkini, na ya baridi yakashuka kushika nafasi. Fundi akiliweka tenki chini mno, usiku mzunguko hugeuka. Maji ya tenki hurudi kwenye paneli, yakawa yanaipasha moto mbingu ya Usambara bure. Dawa ni kuliinua tenki mpaka kitako chake kiwe walau sentimita 30 juu ya ukingo wa juu wa paneli. Mume aombwe radhi, kisha ashikilie ngazi.

MKWE ALIYECHOKA, SONI, ana mtambo wa mirija ya kioo. Ncha ya mrija mmoja, iliyokuwa iking'aa kama kioo cha kujitazamia, imegeuka nyeupe kana kwamba imechovywa kwenye unga wa sembe. Mama mkwe kaona mkono wa mtu, na sasa anatakiwa mbuzi.

Mbuzi abaki bandani. Mrija huo una kuta mbili, na kati yake hewa imeondolewa ili joto lisitoroke. Kiwandani, ncha hupakwa bariamu kwa ndani. Hung'aa maadamu hewa haijaingia. Ikipenya, bariamu hugeuka nyeupe na mrija hauhifadhi tena joto. Basi anunue mrija mmoja tu. Aubadilishe alfajiri, maji yakiwa yamefungwa na kumwagwa, na mirija mingine imefunikwa gunia. Raba ipakwe maji ya sabuni, mrija uingizwe kwa kuzungushwa polepole. Akifungulia maji ya baridi saa sita mchana kwenye mirija mitupu iliyochomwa na jua, vioo vitapasuka, na hapo mama mkwe atadai ng'ombe.

MWENYE NYUMBA YA WAGENI, LUSHOTO MJINI, ana maji ya kahawia. Wageni wanaondoka bila kuoga, na fundi kamwambia tenki limekwisha.

Kwanza afungue koki ya baridi. Nayo ikitoa kahawia, hilo ni tope la masika kutoka mtoni, asafishe chujio. Ikiwa ni ya moto peke yake, fundi afungue anodi, fimbo ya magnesiamu iliyo ndani ya tenki. Kazi yake ni kuliwa na kutu badala ya chuma, na ikibaki waya mtupu, kutu huhamia kwenye tenki lenyewe. Ikaguliwe kila mwaka. Na chumba kikikaa wiki kadhaa bila mgeni, maji yapashwe hadi nyuzi 60, yafunguliwe yatiririke, maana bakteria wa lejionela hustawi katika maji ya vuguvugu yaliyotuama.

BABA MWENYE PAA JIPYA, MLALO, anataka paneli itazame barabarani, upande wa kusini, majirani waione. Shangazi anamkumbusha kwamba Lushoto iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Juni, baridi ikiwa imekaza, jua la adhuhuri huinamia kaskazini kwa nyuzi 28 hivi. Paneli yake itasifiwa na majirani mwaka mzima na kufanya kazi vizuri Desemba.

Barua ya mwisho inatoka MOMBO, bondeni. Msomaji hana paneli wala mirija, ana simtenki jeusi tu juu ya paa, na kufika saa nane mchana hawezi kunawa mikono. Anauliza afanyeje maji yapoe. Shangazi kamjibu ayapakie kwenye gari la Lushoto. Mke Mwenye Mashaka atayapokea stendi.