Mafuta ya Magoti na Fitina za Mgongo

Nchi hii mtu akishavuka miaka hamsini hana ruhusa ya kuinuka kwenye kiti kimyakimya. Shika goti tu, toa ile "yallah" ya kujisukuma, utaona kila aliyepo kageuka daktari bingwa wa mifupa. Na wote wamesoma chuo kimoja, maana jibu lao ni moja: "Mzee, mafuta yameisha."

Mafuta gani? Hakuna anayeuliza. Muuza kahawa kijiweni anashauri supu ya makongoro. Shemeji yangu ananiletea bamia zilizolala kwenye glasi ya maji usiku kucha, ninywe alfajiri kabla sijatia kitu tumboni, kwa hoja kwamba kinachoteleza kooni kitateleza na gotini. Nimezinywa. Kilichoteleza sikisemi.

Makongoro nayapenda, nisieleweke vibaya, na nitaendelea kuyanywa kwa ndimu na pilipili. Lakini ule mnato wa kwato ukifika tumboni unakatwakatwa vipande vidogo sana, unaingia kwenye damu pamoja na maharage ya jana, na hakuna kipande hata kimoja kilichoandikiwa kiende gotini.

Tena si mafuta. Viungo vyetu vinavyocheza kwa wepesi, yaani goti, bega, nyonga, kiwiko na vifundo vya vidole, vimejengwa kwa ramani moja. Ncha za mifupa zimevikwa gegedu laini. Kiungo chote kimo ndani ya kifuko, na upande wa ndani wa kifuko hicho kuna utando mwembamba unaotoa ute. Halafu kuna kano, kamba ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa isije ikaachana. Ute wenyewe ni majimaji yaliyochujwa kutoka kwenye damu, yakatiwa asidi ya hyaluroniki ili yawe mazito na yavutike. Na ni kidogo mno: goti zima lenye afya halijazi kijiko cha chai. Ukiona ute umekuwa mwingi, basi goti limeumia au lina uvimbe, na huyo ndiye mtu wa kupelekwa hospitali. Sasa mimi nanyweshwa bamia ili nifikie hali hiyo.

Kinachonikera zaidi ni kwamba gegedu halina mshipa wa damu hata mmoja. Chakula chake linakipata kwenye ute huohuo, na linakipata likibanwa na kuachiwa, likibanwa na kuachiwa, maana yake mtu akitembea. Lakini binti yangu akiniona naelekea kwenye ngazi anapiga kelele: "Baba, kaa, usije ukaumia!" Nakaa. Gegedu nalo linakaa, na njaa yake.

Halafu kuna kinyozi. Zamani ulinyolewa, ukapakwa spiriti, ukaondoka. Siku hizi unaoshwa, unapakwa vitu vya kunukia, unakandwa mabega, kisha bila hodi jamaa anakamata kidevu kwa mkono mmoja na kisogo kwa mkono wa pili. Ka! "Umeisikia, bosi? Uchovu wote umetoka."

Uchovu gani! Kilicholia ni gesi. Ndani ya ute kuna gesi iliyoyeyuka. Nyuso za kiungo zikivutwa ghafla, shinikizo linashuka na gesi inajitenga. Mwaka 2015 watafiti wa Kanada walionyesha kwa picha za MRI kidole kikivutwa, na tundu la gesi likaonekana likifunguka palepale kidole kilipolia. Ndiyo maana kiungo kikishalia hakilii tena mpaka zipite kama dakika 20. Kwa vidole sina neno. Daktari mmoja wa Marekani, Donald Unger, alialisha vidole vya mkono wa kushoto kwa zaidi ya miaka 60 huku wa kulia akiuacha, kisha akailinganisha. Hakuona ugonjwa wa viungo kwenye mkono wowote, na mwaka 2009 akapewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti wa kuchekesha. Lakini Unger alikuwa akialisha vidole vyake mwenyewe. Hakuwahi kugusa shingo yangu.

Huko shingoni hapataki mzaha. Pingili ya kwanza ni pete tu. Ya pili ina jino linalosimama ndani ya pete hiyo, na ukitikisa kichwa kusema "hapana", pete inazunguka jino; karibu nusu ya mzunguko wote wa shingo unafanyika hapo. Kinachozuia jino hilo lisirudi nyuma likabonyeza uti wa neva ni kano moja iliyokatiza nyuma yake. Pembeni inapanda mishipa ya damu iendayo kwenye ubongo, na madaktari wamekwisha kuona watu waliopata kiharusi kwa sababu mshipa huo ulichanika shingo ilipopotolewa. Ni nadra, sawa. Lakini mimi nililipia ndevu.

Tuje mgongoni, kwenye fitina yenyewe. Kijana mmoja wa fiziotherapia, mpole, umri wa kitindamimba wangu, aliniwekea mezani uti wa mgongo wa plastiki akaanza kunifundisha. Pingili na mwenziwe, akasema, kwa mbele zimeunganishwa na diski. Kwa nyuma kuna viungo viwili vidogo, kushoto na kulia, kila kimoja kina kifuko chake, gegedu lake na ute wake. Nikashtuka. Kumbe nina vigoti vingine chungu nzima mgongoni, na miaka yote hii hakuna mtu aliyevipelekea makongoro!

Juu ya hivyo kuna kano. Kano ndefu ya mbele inashuka toka chini ya fuvu mpaka kwenye mfupa wa nyonga wa nyuma, pana na imara, kazi yake kukuzuia usipinde kinyumenyume. Hiyo sina malalamiko nayo. Kano za njano, zilizo njano kwelikweli kwa sababu ya nyuzi zake za mnyumbuko, zinavutika ukiinama na kujirudi ukisimama. Ukizeeka zinanenepa na wakati mwingine zinabana njia ya uti, lakini nani asiyenenepa? Tatizo langu ni nyingine mbili. Kano ndefu ya nyuma, hii inayolinda diski zisichomoze kuelekea kwenye uti, ikifika kiunoni inakuwa nyembamba. Kiunoni! Penye mzigo kuliko kote! Ndiyo maana diski ya kiuno ikichomoza hupenya ubavuni mwa kano hiyo, kwenye neva ya mguu. Na ile inayopita nyuma kabisa, juu ya ncha za pingili unazozipapasa kwa kidole, kwa watu wengi inaishia pingili ya nne au ya tano ya kiuno. Sibishani na Muumba. Ila mlinzi wa hapa mtaani akiondoka lindoni kwenda kunywa chai saa ambayo wezi wanaingia, huwa tunamfukuza.

Kijana akaongeza jambo lililoniondolea amani. Watafiti wawili wa Uingereza, Floyd na Silver, walichapisha mwaka 1955 vipimo vya umeme wa misuli ya mgongo mtu anapoinama. Mwanzoni misuli inafanya kazi, inashikilia. Ukifika chini kabisa, inanyamaza. Kimya. Mwili unabaki unaning'inia kwa kano na vitu vingine visivyo na uwezo wa kukaza. Na kano zikivutwa muda mrefu zinalegea taratibu, na ukisimama hazirudi papo hapo. Kile kiuno unachokiinua kwa mikono miwili baada ya kufua, hicho ndicho.

Sasa niambieni, nani alipima fagio la chelewa? Jiko la mkaa liko chini. Beseni la nguo liko chini. Mbuzi ya kukunia nazi iko chini, na tambara la deki ndilo la chini kuliko vyote. Nyumba nzima imepangwa kwa ajili ya kuku. Nikanunua fagio lenye mpini mrefu. Mke wangu akalizungusha mara moja, akaniambia, "Baba, hili halifiki uvunguni," akalisimamisha nyuma ya mlango. Lipo mpaka leo, linaanikiwa soksi.

Bibi yangu, Mungu amrehemu, alipalilia mihogo hadi uzeeni na sikumsikia akitaja kiuno. Lakini yeye alikuwa anakunjika nyongani, mgongo umelala sawa, ungeweza kumtulizia kikombe cha chai juu yake. Nyonga imeumbwa kwa kazi hiyo: kichwa cha mfupa wa paja ni duara na kimezama ndani ya shimo la kuenea. Sisi wa maofisini tumesahau kwamba tunazo, tunainama kwa kujipinda katikati.

Ya nyumbani angalau yana staha. Ya barabarani ni vipanya. Juzi jioni Kariakoo konda kanishika mkono:

"Ingia mzee wangu, nafasi ipo."

"Nafasi ya nini?"

"Ya kusimama."

"Nasimama vipi humu, mwanangu? Dari liko usawa wa kifua changu."

"Unainama kidogo tu, mzee. Mbagala hapo hapo."

Nikaingia, sina la kufanya, na shavu langu likakutana na kwapa la mtu. Kwa kuwa foleni ilikuwa haisogei nikaona nimwelimishe. Nikamwambia kichwa cha mtu mzima kina karibu kilo 5, kwamba kikiinamishwa hivi kwa saa nzima kinavuta kano za nyuma ya shingo, na kwamba kano hazina msuli wa kujitetea. Alinisikiliza vizuri sana, kwa adabu, akiwa anahesabu noti. Kisha akagonga bodi mara mbili.

"Twende, dereva! Jamani msogeeni mzee, ana kano!"

Nauli akachukua ya mtu aliyenyooka.